Picha za Siku ya Tatu

Ukitaka kujua mtu alikaa Lamu siku ngapi, usimuulize. Tazama picha zake. Punda amesimama kwenye kichochoro, mwanga unamwangukia mgongoni. Mlango wa nakshi. Mashua, tanga limejaa upepo, jua linazama nyuma yake. Mzee wa kofia kwenye baraza, macho ameyaelekeza kando. Mwanamke wa buibui anaonekana mgongo tu, anakata kona. Picha tano, na kusema ukweli zote ni nzuri. Mtu huyo alikaa siku mbili.

Najua kwa sababu wikendi ni siku mbili. Ijumaa unatoka Nairobi, Jumapili unarudi, Jumatatu asubuhi uko kwa foleni ya matatu kama kila mtu. Najua pia kwa sababu tangu niache chuo naishi kwa kuandika na kupiga picha za hapa na pale, na wateja wa kazi hizi wana kawaida moja: orodha inakufikia kabla hujapanda basi. Mmoja wao, ambaye nitamwacha bila jina, alinitumia ya kwake kwa WhatsApp. Punda, mlango, mashua na jua likizama, mzee wa kofia. Chini kabisa akaongeza: mwanamke wa buibui, akipatikana. Akipatikana! Kama dawa ya mgongo kwa duka la dawa.

Aliyeandika orodha hiyo si mjinga. Ni mtu aliyeona picha nyingi sana za Lamu, na hapo ndipo shida inaanzia. Picha zile zilikuwa zimeshapigwa kabla mimi sijafunga begi. Kilichobaki ni mtu wa kupelekwa huko na kamera akazithibitishe.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii tunamrushia binamu aliyekuja mjini kutafuta kazi na sasa anamaliza unga. Lakini nimekuwa nikiitumia kusomea picha za safari, na naona inafanya kazi kuliko nadharia nyingi. Siku mbili za kwanza mwenyeji anakukalisha sebuleni. Unaletewa chai, unaonyeshwa kilicho kizuri, watu wanakaa wima mbele yako. Siku ya tatu ugeni unaisha. Mwenyeji anarudi kwa shughuli zake, na wewe ama unashika jembe ama unakuwa njiani. Nyingi za picha za safari tunazozisifu zilipigwa sebuleni.

Najua kuna methali nyingine iliyokuja akilini mwako, ile ya haraka na baraka. Hiyo siitaki hapa, manake kwa upigaji picha haraka ina baraka zake. Mfano ni Henri Cartier-Bresson. Mwaka wa 1952 Mfaransa huyu alitoa kitabu kilichofundisha nusu ya dunia jinsi ya kupiga picha barabarani. Waingereza na Wamarekani walikiita The Decisive Moment, na tangu hapo kila mtu mwenye kamera anaota lile tukio moja la nukta moja ambalo ukikosa umekosa. Jina la Kifaransa ni tofauti kabisa: Images à la sauvette. Maneno hayo ya mwisho Wafaransa huyatumia kwa mchuuzi asiye na leseni, aliyetandaza bidhaa chini huku akiwa tayari kukunja kitambaa na kutimka. Huyo jamaa si mgeni kwetu. Yuko pale Tom Mboya, jicho moja kwa mteja, jingine kwa kanjo. Kumbe Kiingereza kilimvua mchuuzi ndala kikamvisha suti.

Na ukimfikiria yule mchuuzi, unaona jambo ambalo mashabiki wa haraka hulisahau. Kona ile anaijua. Anajua kanjo hutokea upande gani, saa ngapi, na duka lipi lina mlango wa nyuma. Mbio zake za sekunde kumi zimebebwa na miaka ya kukaa palepale. Hebu itazame picha ya Cartier-Bresson ya Hyères, ya mwaka wa 1932. Kamera iko juu ya ngazi za mzunguko. Vyuma vya kushikilia vinajipinda kuelekea chini, mawe ya barabara yanafuata mkunjo uleule, na juu kushoto mtu wa baiskeli anapita kama ukungu. Baiskeli ilipita kwa nukta moja, sawa. Lakini ngazi hazikupita. Mtu alizitazama kwanza, akakubaliana nazo, halafu akangoja barabara ilete kitu. Haraka ilikuja mwisho, kama chumvi.

Kwa hivyo sina ugomvi na kasi. Ugomvi wangu ni na picha ambayo mahali hapakupewa nafasi ya kusema neno.

Picha maarufu kuliko zote za aina hiyo ni ile ya Steve McCurry, ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani. Aliipiga mwaka wa 1984 kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, Pakistan, kwa dakika chache, ndani ya hema lililokuwa shule. Juni 1985 ikawa jalada la National Geographic, na ulimwengu ukaipenda. Sitajifanya siioni nguvu yake. Rangi nyekundu ya mtandio na kijani cha nyuma vinayasukuma macho yale mbele mpaka unataka kurudi hatua moja. Mimi pia yamenisimamisha.

Ila McCurry aliondoka bila jina la msichana. Jina, Sharbat Gula, lilijulikana mwaka wa 2002, miaka 17 baadaye, walipomtafuta na kumpata akiwa mama wa watoto. Akasema anaikumbuka siku ile: alikasirika. Mwanamume asiyemjua alimwelekezea kamera, na hajawahi kupigwa picha kabla ya hapo. Sasa rudi uitazame tena. Kwa miaka hiyo yote tulikuwa tukisoma macho yale kama hofu ya vita, huzuni ya ukimbizi, roho ya taifa zima. Yawezekana yalikuwa pia macho ya mtoto anayemwambia mgeni: wewe ni nani, na nani kakuruhusu?

Jibu hilo lingepatikana kwa swali moja na mkalimani mmoja, siku ileile. Na umaarufu haukumwacha. Mwaka wa 2016 Pakistan ilimkamata kwa kosa la kitambulisho na kumrudisha Afghanistan, na habari zikazunguka dunia, tena na picha ileile ikiwa mbele. Mwaka wa 2021 alipokelewa Italia kama mkimbizi. Mtu mzima ameishi maisha mazima, na sisi bado tumemshikilia akiwa na miaka kama 12.

Hapa mtu mwepesi atasema: basi dawa ni kukaa muda mrefu. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Leni Riefenstahl alikaa.

Huyu ni mwongozaji filamu wa Ujerumani aliyemtengenezea Hitler filamu za kumtukuza, kisha ile ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Baada ya vita alitafuta maisha mapya, na kilichomvuta Sudan ni picha ya mtu mwingine. George Rodger, Mwingereza, alikuwa amempiga mwaka wa 1949 mshindi wa mieleka wa Wanuba huko Kordofan, amebebwa mabegani na mwenzake, miili imepakwa majivu. Rodger alikuwa na sababu ya kufika mbali hivyo. Mwaka wa 1945 aliingia kambi ya mateso ya Bergen-Belsen na kamera, akajikuta anapanga maiti kwenye fremu ili picha ipendeze. Alijishtukia, akaachana na picha za vita. Riefenstahl alipomwandikia akitaka kuelekezwa kwa Wanuba wale, na kuahidi dola 1,000, Rodger alikataa. Alikuwa ameyaona kwa macho yake yale ambayo bwana mkubwa wa filamu zile alikuwa ameyafanya.

Riefenstahl akaenda tu. Kuanzia 1962 alirudi kwa Wanuba mara nyingi, akakaa nao kwa wiki na miezi, akajifunza maneno ya lugha yao. Kitabu chake cha 1973 kilisifiwa huku na huko. Mwaka wa 1975 Susan Sontag aliandika insha iliyouliza swali la wazi: mbona hawa wanamieleka wanafanana hivi na wanariadha wa Berlin? Misuli ileile, kutazamwa kutoka chini kulekule, ibada ileile ya mwili wenye nguvu. Mgonjwa yuko wapi? Aliyechoka? Mama anayegombana na jirani juu ya mbuzi? Na Wanuba walipoanza kuvaa nguo, Riefenstahl alisikitika kama mtu aliyeharibiwa mali yake.

Miaka yote hiyo, na bado alipiga picha za siku ya pili. Alikuja na orodha yake kutoka Berlin, na kila kisichokuwa kwenye orodha akakiita uharibifu. Jembe alipewa, hakulishika. Kwa hivyo ninaposema kuchukua muda, sizungumzii kalenda. Nazungumzia kukubali mahali pakunyang'anye orodha.

Lamu ina uwezo huo ukiiruhusu. Chukua ile mashua na jua likizama. Kwenye orodha ya mteja ni pambo, kitu cha kuuzia vyumba vya hoteli. Keti barazani siku moja zaidi, bila kamera mkononi, useme shikamoo kwa wanaostahili shikamoo, ungoje. Kwanza wanazungumza habari za mpira. Halafu bei ya mafuta ya injini. Halafu, mtu asipokuharakisha, wanafika kwa bandari.

Bandari mpya ya Lamu iko ng'ambo tu, upande wa bara, na gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kuchimba mlango wa meli kulivuruga sehemu ambazo wavuvi walikuwa wakivua tangu enzi za babu zao. Wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukishayajua haya, mashua ile haikai tena kwenye picha kama ilivyokaa jana. Tanga ni lilelile, jua ni lilelile. Ila sasa unajiuliza anarudi kutoka wapi, amepata nini, na ni umbali gani zaidi alilazimika kwenda. Labda utageuza kamera upate winchi za bandari nyuma ya mlingoti. Labda utampiga akiwa anahesabu samaki. Vyovyote, hutapiga tena pambo, manake umekuwa mtu anayejua.

Kuna fundi wa mashua kule Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, ambacho kinajulikana kwa kazi hiyo. Mara mbili nilikwenda kwake akanikaribisha vizuri sana, akasimama kando ya chombo, akashika nyundo, akatabasamu. Mara ya tatu hakunitazama hata. Alikuwa akitia kalafati, anasukuma pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao, na msaidizi wake hakuwa amefika. "Mwanangu, weka hiyo kitu yako chini, njoo ushike hapa." Nikashika. Saa nzima. Mikono ikanuka mafuta siku mbili. Baadaye nilipiga picha chache, na kwenye moja ameinama mpaka uso hauonekani, kuna shingo, jasho, na ule uzi wa pamba ukining'inia kama utambi. Mteja hakuitaka, alisema haionyeshi Lamu. Mimi naona ndiyo pekee iliyoonyesha, kwa sababu ndani yake hakuna anayenikaribisha.

Kama unataka kuona picha ambazo zote zilipigwa baada ya ugeni kuisha, tafuta Train Church ya Santu Mofokeng, ya mwaka wa 1986. Mofokeng alizaliwa Soweto. Sheria za ubaguzi ziliwaweka Waafrika mbali na kazi zao, kwa hivyo maelfu walipanda treni kabla jua halijachomoza kwenda Johannesburg, na kurudi usiku. Njiani baadhi ya mabehewa yaligeuka kanisa. Watu waliimba, wakahubiri, wakapiga kuta za behewa kama ngoma. Mofokeng alikuwa abiria wa treni hizo kabla ya kuwa mpiga picha wake, na inaonekana. Picha zimebanwa, zina giza, mikono imekuwa ukungu, bega la mtu limeziba nusu ya fremu. Hakuna aliyesogea ili kamera ipate nafasi, kama vile hakuna mtu husogea kwa matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni. Unasikia joto la pumzi. Mgeni angetafuta kiti cha kusimama juu yake ili apate mandhari yote. Abiria hana mandhari, ana mwenzake mbele ya pua.

Kuna na njia nyingine, ya kwetu na ya sasa. Mimi Cherono Ng'ok, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1983, amekuwa akisafiri na kamera miaka mingi, na mwaka wa 2021 Art Institute of Chicago ilimfanyia maonyesho. Tazama kile anachorudi nacho. Mimea. Vyumba. Mwanga kwenye ukuta. Mti unaoweza kuwa Accra, unaoweza kuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yako Kericho. Nyingi ya picha zake hazina jina, kwa hivyo huwezi kujisifu kwamba umetambua mahali. Mwanzoni hilo liliniudhi. Nilitaka kuambiwa niko wapi. Baadaye nikaelewa kwamba amekataa kuwa karani wa orodha. Hathibitishi kwamba alifika. Anaonyesha mtu aliyekaa mahali mpaka akaanza kuona majani ya dirishani, na majani ya dirishani huyaoni siku ya kwanza. Siku ya kwanza uko mbioni kutafuta punda.

Sasa nasikia swali, na ni la haki: hiyo siku ya tatu analipa nani? Tiketi ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda Mombasa tu, na hapo bado basi, boti, kitanda na chakula. McCurry alikuwa na jarida nyuma yake. Mimi na wewe tuna M-Pesa inayosoma mia mbili na nambari ya mtu anayesema malipo ni baada ya siku 30. Ukituambia tuwe na subira bila kutaja pesa, unatuhubiria tu. Wahariri na mashirika yanayotaka picha "halisi" za pwani au za Turkana yajue kwamba uhalisi hulala hotelini usiku mmoja zaidi, na usiku huo una risiti.

Lakini pia tusijifiche nyuma ya umaskini. Siku ya tatu si lazima ifuate ya pili. Badala ya kwenda Lamu, Diani na Naivasha mara moja moja kwa mwaka, unaweza kwenda moja ya hizo mara tatu, kwa nauli ileile au pungufu. Ya tatu mtu atakuita kwa jina. Na kabla hujarudi, pita studio yoyote ya River Road, chapisha picha za watu uliowapiga mara iliyopita. Ni bei ya chapo mbili kwa kila moja. Ukimpa mtu picha yake mkononi, mambo mawili yanatokea. Anakuambia kama umemtendea haki, na hapo utajifunza zaidi ya kozi yoyote. Halafu anakupa kazi: mpige mamangu, mpige huyu mtoto, njoo uone kile kisima walichoahidi wakaacha. Hilo ndilo jembe. Orodha mpya, na safari hii imeandikwa na mwenyeji.

Na kama hata hiyo nauli haipo, kumbuka kwamba Mofokeng hakulipa kitu cha ziada. Alikuwa anakwenda kazini.

Fungua simu yako, utafute safari ya mwisho uliyoenda. Hesabu watu waliomo kwenye picha, kisha uhesabu ambao unawajua majina. Ukimpata hata mmoja, umeanza. Usipompata, usizifute, ni picha nzuri hizo. Chapisha mbili tatu, urudi, umtafute mwenyewe umwambie: samahani, siku ile sikukuuliza unaitwa nani.